Kuwahi Louvre: namna ya kupanga asubuhi kabla umati haujajaa

Louvre, makumbusho ya sanaa ya Paris, ilipokea wageni wapatao milioni 8.7 mwaka 2024. Uongozi umeweka kikomo cha watu 30,000 kwa siku, lakini ukumbi wa Mona Lisa unajaa vilevile. Ushauri unaosikika kila mahali ni "wahi asubuhi", na wengi huishia hapo. Wananunua tiketi ya saa ya kwanza, wanafika kwa wakati, kisha saa 3:40 bado wako chini ya Piramidi, lango kuu la kioo, wakitafuta choo, kabati la mizigo na ramani.

Kuwahi kwenyewe ni kuwa umeshapanda juu, huna mzigo mkononi, umesimama mbele ya kazi uliyoichagua tangu nyumbani, kabla ya saa 3:20. Hapo una kama dakika 40 za nafasi. Ikifika saa 4:30 vikundi vyenye waongozaji vimeshaenea kwenye vyumba maarufu, na anayefika wakati huo atatazama migongo ya watu. Mipango yote inayofuata ni ya kuzilinda hizo dakika 40.

Saa zilizotajwa humu ni za Kiswahili. Tiketi iliyoandikwa 9:00 ni ya saa 3:00 asubuhi, na 21:00 ni saa 3:00 usiku. Kama unasafiri mwishoni mwa Machi au Oktoba, kumbuka pia kwamba Jumapili ya mwisho ya Machi Ufaransa nzima husogeza saa mbele kwa saa moja, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba huirudisha nyuma. Simu hujibadilisha yenyewe. Saa ya mkononi haijui.

Siku ya kwenda

Jumanne Louvre imefungwa, kila Jumanne. Imefungwa pia tarehe 1 Januari, 1 Mei na 25 Desemba. Siku zilizobaki hufunguliwa saa 3:00 asubuhi na kufungwa saa 12:00 jioni, isipokuwa Jumatano na Ijumaa ambapo hubaki wazi hadi saa 3:00 usiku.

Kwa asubuhi yenye nafuu, chagua Alhamisi. Jumatatu ina tatizo ambalo wageni hawalioni kwenye kalenda ya Louvre: Musée d'Orsay, makumbusho mengine makubwa yaliyo ng'ambo ya mto Seine, hufungwa siku hiyo, na wageni wake humiminika huku. Jumatano inabeba waliokwama Jumanne. Jumamosi na Jumapili zinajulikana. Ijumaa asubuhi ni mbadala mzuri, hasa ukizingatia kwamba sehemu ya watu huahirisha hadi jioni kwa sababu wanajua milango iko wazi.

Kwa upande wa miezi, Januari baada ya wiki ya kwanza na Novemba ikishafika katikati ndiyo vipindi vya afadhali. Jihadhari na likizo za shule za Ufaransa: karibu na mwisho wa Oktoba, Krismasi, Februari na Aprili. Shule zao zimegawanywa katika kanda tatu, A, B na C, na likizo za Februari na za Aprili hupishana kutoka kanda hadi kanda, kwa hiyo msongamano huo unaweza kuendelea karibu mwezi mzima. Ukienda Desemba, jiandae kupanga foleni gizani, maana mwishoni mwa mwezi huo jua la Paris huchomoza karibu saa 2:45 asubuhi.

Tiketi

Nunua kwenye tovuti rasmi ya tiketi, ticket.louvre.fr, na uchague nafasi ya 9:00. Tangu 14 Januari 2026 kiingilio ni euro 32 kwa mgeni asiye raia wala mkazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya (nchi za Umoja wa Ulaya pamoja na Norway, Iceland na Liechtenstein), na euro 22 kwa raia na wakazi wa eneo hilo. Aliye chini ya miaka 18 huingia bure bila kujali anatoka nchi gani. Wakazi wa eneo hilo walio chini ya miaka 26 nao hawalipi. Mgeni mwenye ulemavu huingia bure pamoja na mtu mmoja wa kumsaidia, tena kwa mlango wa kipaumbele. Abebe cheti au kadi inayothibitisha.

Hapa ndipo familia nyingi hukwama: bure haimaanishi bila nafasi. Mtoto wa miaka 8 naye achukuliwe tiketi ya euro sifuri yenye saa ileile ya wazazi wake. Vivyo hivyo kwa mwenye Paris Museum Pass, kadi moja ya kuingilia makumbusho mengi ya Paris. Kadi hiyo inalipia kiingilio tu, saa ya kuingia inabidi uiweke mwenyewe kwenye tovuti ya Louvre. Anayefika na kadi mkononi bila nafasi huwa amenunua haki ya kubembeleza mlangoni.

Tiketi inakupa dakika 30 kuanzia saa iliyoandikwa. Kwa anayewahi, hizo zihesabu kama akiba ya metro kukwama, usizipangie matumizi mengine. Na usitegemee kurudishiwa fedha ukibadili mawazo.

Je, 9:00 ikiwa imekwisha? 9:30 bado inafaa, ukikubali kwamba umepoteza karibu nusu ya utulivu. 10:00 tayari ni katikati ya wimbi, na hapo ni heri ugeuze mpango mzima uende jioni ya Jumatano au Ijumaa, uingie kati ya saa 12:30 na saa 1:00. Vikundi vya watalii vimesharudi hotelini, watoto wa shule hawapo, na una karibu saa mbili kabla wahudumu hawajaanza kutoa watu vyumbani, kazi wanayoianza nusu saa kabla ya kufunga. Jioni ya kuepuka ni Ijumaa ya kwanza ya mwezi, ambapo kiingilio huwa bure baada ya saa 12:00 isipokuwa Julai na Agosti.

Kuhusu walanguzi: tovuti nyingi zenye neno Louvre kwenye anwani si za makumbusho. Baadhi huuza tiketi halali kwa bei ya juu pamoja na mwongozaji, nyingine huuza "kuruka foleni", maneno yasiyo na uzito kwa kuwa hakuna anayeruka ukaguzi wa usalama. Wanaouza tiketi kwa mkono uani, mbele ya Piramidi, wapite kimya.

Jioni ya kuamkia safari

Mzigo ndio unaoiba muda kuliko kitu kingine chochote. Begi linalozidi sentimita 55 kwa 35 kwa 20 haliruhusiwi kabisa kuingia, hata kwenye makabati, kwa hiyo anayetoka moja kwa moja uwanja wa ndege na sanduku lake atarudishwa. Makabati ya mizigo midogo yapo chini ya Piramidi na ni bure. Lakini piga hesabu: kulitafuta, kupanga, kufunga, na foleni ya kurudi kuchukua. Dakika 10 hadi 15 zimekwenda, na ni zile dakika za thamani. Njoo na mfuko mdogo wa begani usiozidi ukubwa wa daftari kubwa, au mifuko ya suruali tu. Asiye na begi anapita kwenye ukaguzi haraka kuliko mwenye nalo.

Ndani ya mfuko huo weka vitu vichache: tiketi iliyopakuliwa kwenye simu (mtandao husumbua watu wengi wakifungua simu pamoja), kitambulisho, chupa ndogo ya maji, chaji ya akiba, na darubini ndogo. Hiyo ya mwisho watu huicheka hadi wafike. Mona Lisa ni sentimita 77 kwa 53, na kizuizi kinakuweka mbali nayo mita kadhaa. Bila darubini, au bila macho ya kijana, utaona kioo na rangi ya kahawia. Darubini inayokuza mara 4 hadi 6 inatosha, nzito kuliko hiyo itatikisika mkononi. Kijiti cha selfi, mguu wa kamera na flashi vimekatazwa. Kama mko kundi na tiketi zote ziko kwenye simu moja, mwenye simu asitangulie na asibaki nyuma.

Usiku huohuo angalia kwenye tovuti ya makumbusho ratiba ya vyumba vilivyofungwa. Louvre haifungui kila chumba kila siku. Ni jengo kubwa lenye kazi zipatazo 35,000 zinazoonyeshwa, na wahudumu hawatoshi kwa kila kona. Kama ulikuja kwa ajili ya picha ya Vermeer, mchoraji wa Kiholanzi, na ghorofa yake imefungwa siku hiyo, ni vizuri ujue ukiwa bado kitandani.

Mlango

Milango miwili ndiyo ya kuifikiria. Wa kwanza ni Piramidi ya kioo, katikati ya uwanja wa Cour Napoléon, ile iliyochorwa na I. M. Pei na kufunguliwa mwaka 1989. Wa pili ni Carrousel du Louvre, namba 99 rue de Rivoli, ndani ya eneo la maduka lililo chini ya ardhi. Yote miwili inakushusha kwenye ukumbi uleule chini ya Piramidi. Mlango wa tatu, Porte des Lions upande wa mto, hufungwa mara nyingi bila taarifa ndefu, usiujengee mpango.

Shuka metro kituo cha Palais-Royal – Musée du Louvre, laini ya 1 au ya 7. Mvua au baridi kali ikiwapo, fuata vibao vya Carrousel bila hata kutoka nje. Siku ya hali nzuri ya hewa Piramidi ni sawa tu, mradi usome vibao: foleni zimetenganishwa kwa aina ya tiketi na saa ya kuingia, na kosa la kawaida ni kujipanga nyuma ya umati mkubwa kwa kudhani ndio wenyewe. Tafuta kibao chenye saa yako. Usipokiona, onyesha tiketi kwa mhudumu wa kwanza utakayemkuta.

Fika kati ya saa 2:20 na 2:30. Kabla ya hapo hupati faida, kwani milango haiharakishwi na aliyefika alfajiri, na mbele ya Piramidi hapana kivuli wakati wa Julai wala kinga ya upepo wakati wa Januari. Ukifika saa 2:55 utakuwa nyuma ya mamia ya watu wenye tiketi kama yako, na ukaguzi wa mabegi kwa mashine utakuchelewesha hadi saa 3:25.

Nenda choo kabla, hotelini au kwenye mkahawa unakonunua chai. Choo kilicho chini ya Piramidi kina foleni yake tangu dakika ya kwanza.

Dakika za kwanza ndani

Ukishashuka ukumbini utaona njia tatu za kupanda: Denon upande wa mto, Sully upande wa mashariki kuzunguka uwanja wa mraba, na Richelieu upande wa barabara ya Rivoli. Ukumbi huu ndipo watu wanaposimama wakajipiga picha, wakachukua ramani na kujadiliana waanzie wapi. Pita.

Ramani huihitaji sana ukishajua mpangilio wa namba. Vyumba vina namba za tarakimu tatu. Mia mbili ni Richelieu chini, mia tatu Sully chini, mia nne Denon chini. Mia tano, sita na saba ni hizohizo pande tatu kwenye ghorofa ya kwanza. Mia nane ni Richelieu ghorofa ya pili na mia tisa ni Sully ghorofa ya pili. Ukiona 711 unajua ni Denon juu kabla hujauliza mtu.

Anayemtaka Mona Lisa achukue ngazi za umeme za Denon, askani tiketi, apite kwenye sanamu za Kigiriki na Kirumi za ukumbi wa Daru bila kusimama, apande ngazi pana ambazo juu yake amesimama Nike wa Samothrake, sanamu ya Kigiriki ya mungu wa kike wa ushindi. Ukimtazama Nike, pinda kulia. Utapita vyumba vya Waitalia wa kale na Salon Carré, chumba 708, utoke kwenye Grande Galerie yenye urefu wa mita 288. Karibu na katikati yake, mkono wa kulia, ndipo lilipo lango la chumba 711. Kutoka kwenye ukaguzi wa tiketi hadi hapo ni mwendo wa dakika 7 hadi 10 bila kukimbia, na kukimbia kumekatazwa. Siku nyingine wahudumu hugeuza njia kwa kamba. Wafuate, maana kubishana ni kupoteza kile ulichokuja kukilinda.

(Salon Carré unayoipita ndiko Mona Lisa alikoibwa tarehe 21 Agosti 1911, siku ya Jumatatu ambayo wakati huo ndiyo makumbusho yalikuwa yakifungwa. Hawakugundua hadi kesho yake, na picha ilipatikana Firenze Desemba 1913.)

Ndani ya 711 utapangwa kwenye vizuizi na kusogezwa hadi mstari wa mbele. Huko hukai, baada ya nusu dakika au dakika moja mhudumu ataanza kukupungia mkono. Kwa hiyo jua unachotazama kabla hujafika. Anza na mikono, wa kulia umelala juu ya kifundo cha wa kushoto. Kisha panda kwenye mandhari nyuma ya mabega: upande wa kushoto wa picha upeo wa nchi uko chini, upande wa kulia uko juu, kana kwamba ni nchi mbili zilizokutana nyuma ya kichwa chake. Juu ya bega lililo upande wako wa kulia kuna daraja dogo la mawe. Hayo matatu yanatosha. Simu itoe mara moja, piga, irudishe mfukoni. Picha yako itakuwa na vivuli vya kioo hata ufanyeje.

Kabla ya kutoka, geuka nyuma. Ukuta mzima wa upande wa pili ni Arusi ya Kana ya Veronese, ya mwaka 1563, mita 6.77 kwa 9.94, picha kubwa kuliko zote za Louvre, iliyochukuliwa kutoka Venezia na majeshi ya Napoleon mwaka 1797. Ina watu zaidi ya mia moja, na wageni wengi huipa mgongo tangu wanaingia hadi wanatoka.

Lakini je, dakika zako bora uzitoe kwa Mona Lisa?

Kwa wengi jibu letu ni hapana, isipokuwa yeye ndiye sababu ya safari. Anayefika kwake saa 3:15 anakuta watu kadhaa wameshatangulia, anasimama umbali uleule watakaosimama wa saa sita mchana, na anachookoa ni foleni tu. Wakati huohuo, nje ya lango, Grande Galerie inakuwa tupu kwa namna isiyorudi tena siku hiyo. Chumba 710 kina kazi nyingine za Leonardo da Vinci, mchoraji yuleyule wa Mona Lisa: Bikira wa Miamba, Mtakatifu Anna pamoja na Bikira na Mtoto, Yohane Mbatizaji. Hizo unazitazama kwa karibu, bila mhudumu wa kukuhimiza. Sogea kwa Yohane na utazame jinsi bega linavyoyeyuka gizani pasipo mstari wowote wa mpaka. Ndiyo mbinu ileile ya uso wa Mona Lisa, ila hapa unaiona.

Mpango tunaoupendekeza basi ni huu: panda ngazi za Daru, mpe Nike dakika 5 akiwa peke yake, zunguka ubavuni kwake uone nguo ilivyobanwa tumboni na upepo, kwa kuwa amechongwa akitua juu ya omo ya meli. Pinda kulia, nenda kwa akina Leonardo wa 710 hadi saa 3:35. Chungulia 711. Foleni ikiwa bado ndani ya vizuizi, ingia. Ikiwa imeshatoka mlangoni, achana nayo, urudi jioni nyingine au uipange saa ya mwisho kabla ya kufunga.

Wapo wanaomtaka Venus wa Milo, sanamu ya Kigiriki ya mungu wa kike wa mapenzi, kuliko wote. Hao wasipande Denon kabisa. Waende Sully chini, chumba 345, ambako saa 3:15 unaweza kumzunguka kwa utulivu. Mgongo wake, ambao haukumalizwa kwa umakini kama mbele, hauonekani kirahisi umati ukishafika.

Saa 4:30 na kuendelea

Umati wa asubuhi huenda Denon kwanza, kisha Sully. Wewe nenda kinyume chake: Richelieu. Kutoka 711 unaweza kupitia kwanza 700 na 702, zilizo hatua chache tu, zenye Chelezo cha Medusa cha Géricault, Uhuru Ukiongoza Umma wa Delacroix na Kutawazwa kwa Napoleon ya David. Ni turubai kubwa, umati hauzifuniki, kwa hiyo hazihitaji haraka.

Huko Richelieu chini, chumba 227, kuna nguzo ya sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli ya kale, jiwe jeusi la mita 2.25. Wengi hutazama kichwani tu, ambako mfalme amesimama mbele ya Shamash, mungu wa jua. Inama. Sehemu ya chini ya mbele ina eneo lililosuguliwa likawa tupu: mfalme wa Elamu (Iran ya kale) aliyeiteka nguzo alifuta safu kadhaa za maandishi. Chumba cha jirani, 229, wapo fahali wenye mabawa na vichwa vya watu kutoka kasri la Sargon II, mfalme wa Ashuru, huko Khorsabad. Simama mbele ya mmoja, amesimama kwa miguu miwili. Nenda ubavuni, anatembea kwa minne. Jumla amechongewa miguu mitano, na watoto hupenda kuihesabu.

Ghorofa ya pili ya Richelieu ndiyo yenye utulivu kuliko zote, kwa sababu iko mbali na inahitaji kupanda. Mfuma Renda wa Vermeer yuko 837, katika turubai isiyofika hata ukubwa wa karatasi ya kawaida ya ofisi. Picha kama hii husafiri kwenye maonyesho ya nchi nyingine, kwa hiyo ihakiki kabla.

Miguu na tumbo

Muda wa saa tatu ni kipimo cha mtu mzima mwenye viatu vizuri. Zaidi ya hapo macho hutazama bila kuona. Chukulia kwamba ukitoka nje hurudi, hivyo mapumziko yapange ndani. Mkahawa wa Mollien uko Denon ghorofa ya kwanza, na Angelina uko Richelieu ghorofa ya kwanza. Keti kabla ya saa 5:45; baada ya hapo foleni ya meza inaweza kula nusu saa. Kula vyumbani hakuruhusiwi. Kiti cha magurudumu na kigari cha mtoto huazimwa bure, na kwa mwenye mtoto mdogo lifti zipo ila zimejificha, kila moja ikihudumia baadhi tu ya ghorofa, kwa hiyo muulize mhudumu kabla hujatembea ukumbi mzima kuifuata.

Pochi iweke mfuko wa mbele. Wezi wa mifukoni huifuata laini ya 1 ya metro na mkusanyiko wa 711 vilevile, na Aprili 2013 wafanyakazi waligoma kwa siku moja kwa sababu yao.

Milango ikifungwa

Hutokea. Tarehe 16 Juni 2025 wafanyakazi walisimamisha kazi ghafla wakilalamikia msongamano, wageni wakabaki uani kwa saa kadhaa. Tarehe 19 Oktoba mwaka huohuo vito vya kifalme viliibwa katika ukumbi wa Apollon karibu saa 3:30 asubuhi, nusu saa tu baada ya kufungua. Walioingia mapema walitolewa, na makumbusho hayakufunguliwa hadi tarehe 22. Desemba kukawa na mgomo tena. Asubuhi kabla ya kutoka hotelini, fungua ukurasa wa mbele wa tovuti yao, tangazo huwekwa juu kabisa.

Ukikuta pamefungwa, usikae kungoja na wengine. Tembea kupitia bustani ya Tuileries na uvuke mto kwa daraja la miguu la Léopold-Sédar-Senghor. Linakutoa karibu na mlango wa Musée d'Orsay, na tiketi unaweza kuinunua kwenye simu ukiwa njiani. Ikiwa ni Jumatatu Orsay imefungwa, kwa hiyo usivuke: endelea hadi mwisho wa bustani upande wa magharibi, Musée de l'Orangerie, yenye Mayungiyungi ya Monet kwenye vyumba viwili vya umbo la yai. Nayo hufunguliwa saa 3:00 asubuhi, nayo hufungwa Jumanne, na ukitoka Louvre mara tu unapoona tangazo utafika kabla wenzako hawajaamua la kufanya.